Bwana yangu anataka viwanja vya mabingwa, mimi ningali najifunza

Jambo Yaya,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Makomeno, hapa Lubumbashi, na ninafanya kazi katika duka la dawa. Mwaka huu tunatimiza miaka 15 ya ndoa. Bwana yangu anacheza gofu tangu zamani, handikapu yake (mipigo ya nyongeza anayopewa mchezaji, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo anavyocheza vizuri) ni 12. Mimi nilikuwa namsindikiza tu, nakaa kivulini na simu yangu, hadi mwalimu wa pale kiwanjani aliponipa fimbo akasema, "Mama, jaribu na wewe." Tangu hapo sijaiacha. Sasa nina handikapu yangu halali iliyoandikwa na klabu: 34.

Kwa hiyo sikukuu yetu, bwana yangu anataka twende Afrika Kusini mwezi wa saba, siku nane, watoto wabaki na bibi yao. Ajansi ya safari imemletea mpango wa raundi tano: moja Johannesburg, mbili Sun City, kwenye uwanja wa Gary Player Country Club na ule wa Lost City, halafu ndege hadi George, raundi mbili Fancourt, ya kwanza kwenye uwanja wao unaoitwa Links. Amefurahi kupita kiasi. Usiku anaangalia video za hivyo viwanja, anasimamisha picha, ananionyesha: "Hapa ndipo utapigia." Mimi natabasamu, na huku tumbo linasokota.

Yaya, sijawahi kucheza nje ya Lubumbashi hata siku moja. Nikiupiga mpira vizuri na fimbo ya chuma namba 5, unafika mita 100, au 110 nikibahatika. Kwenye hizo video nimeona maji, nimeona mashimo ya mchanga yenye kina cha kunifika kifuani, nimeona watu wamesimama nyuma wakingoja. Naogopa kuaibika, na naogopa zaidi kumwaibisha yeye. Nilipomwambia twende kwanza mahali padogo, alinyamaza, kisha akasema kama sitaki basi tuache. Mimi sitaki tuache! Rafiki zangu wanasema nikae kwenye bwawa la kuogelea nimwachie acheze. Lakini mimi nataka kucheza. Tangu tuoane hii ndiyo konje (likizo) ya kwanza tunaondoka wawili, bila watoto.

Tuchague viwanja gani? Na nimwambieje bwana yangu asione kama namkatisha tamaa? Ajansi bado hatujailipa, imetupa hadi mwisho wa mwezi huu.

Mama wa Makomeno

*

Mdogo wangu, Mama wa Makomeno,

Hongera kwa miaka 15, na hongera kwa hiyo 34 yako. Najua watu wanaocheza miaka na miaka bila handikapu halali, kwa sababu hawataki hesabu yao ijulikane. Wewe umekubali kupimwa. Hilo litakufaa sana katika safari hii.

Jibu langu kwa ufupi: huo mpango msiulipe kama ulivyo, na safari msiiache. Raundi tano zipungue ziwe tatu za kucheza pamoja, mbaki sehemu moja badala ya tatu, na uwanja wa Links ungoje mwaka mwingine. Kisha, kabla ya mwezi wa saba, mvuke mpaka wa Kasumbalesa mkacheze wikendi moja Zambia.

Tuanze na viwanja vyenyewe. Gary Player Country Club ulifunguliwa mwaka 1979, na tangu 1981 mabingwa wa dunia wamekuwa wakialikwa kushindana hapo. Kutoka tii za nyuma kabisa (tii ni mahali pa kupigia mpigo wa kwanza wa kila shimo) una urefu wa zaidi ya mita 7,000. Links wa Fancourt ndiko kulikochezwa Presidents Cup mwaka 2003, Marekani dhidi ya timu ya dunia. Timu zilipofungana, Tiger Woods na Ernie Els walitumwa kuamua, wakacheza shimo baada ya shimo hadi giza likaingia, na mwishowe makapteni wakakubaliana kuwa ni sare. Ni viwanja vizuri mno, na bwana yako ana haki ya kuviota. Ila aliyeviweka vyote ndani ya siku nane kwa ajili ya mtu wa handikapu 34 anayetoka nje mara ya kwanza hakukufikiria wewe hata kidogo. Alifikiria majina yanayouzika.

Mtu akitaka kujua uwanja unamfaa au haumfai, jina aliweke kando kwanza. Aangalie urefu, na urefu huo unategemea tii atakayopigia. Kuna hesabu rahisi ambayo walimu wengi huitumia: chukua umbali wa chuma chako namba 5, zidisha mara 36. Wewe, mita 110 mara 36 ni mita 3,960. Bwana yako, kama chuma chake kinafika mita 150, anapata 5,400. Kwa hiyo kwenye uwanja uleule, siku ileile, ninyi wawili mnatakiwa kuanzia tii tofauti kabisa, na hakuna anayemdharau mwenzake kwa hilo. Uwanja ambao tii zake za mbele kabisa zina mita 4,300 au 4,500 bado utakuchosha kidogo lakini utakubeba. Wenye tii za mbele zinazozidi mita 5,000, uache kwa sasa.

Jambo la pili ni slopu, namba inayoonyesha uwanja unamwonea kiasi gani mchezaji wa kawaida akilinganishwa na yule aliyekomaa. Inaanzia 55 hadi 155, na 113 ndiyo ya kawaida. Kila tii ina yake, na ya wanawake huandikwa mbali na ya wanaume, kwa hiyo usikubali kusomewa ya bwana yako. Chukua 34 yako, zidisha kwa slopu ya tii yako, gawa kwa 113. Slopu ikiwa 113, unabaki na 34. Ikiwa 138, unapata karibu 42. (Klabu huongeza hapo marekebisho madogo kulingana na pa ya uwanja, yaani mipigo ambayo mchezaji stadi anatarajiwa kuumaliza nayo, hayo waachie wenyewe.) Maana yake kanuni yenyewe imeshakubali kwamba mahali pagumu utapiga mipigo mingi zaidi, na imekupa nane za nyongeza bila kuomba. Mtu mwenye kadi halali haingii pale kama mwizi.

La tatu haliandikwi kwenye kadi, inabidi uulize: kutoka tii za mbele, kuna mashimo mangapi ambapo mpira lazima uruke maji, na ni mita ngapi kutoka unapopigia hadi nchi kavu? Maji yaliyo pembeni hayana neno. Yanayokatisha njia mbele yako, mita 120 bila pa kupitia, ndiyo yanayomaliza mipira na moyo. Andikia duka la klabu barua pepe uwaulize hilo waziwazi. Klabu inayojali wageni itakujibu shimo kwa shimo, na namna itakavyokujibu itakuonyesha utakavyopokelewa.

Sasa mpango wenyewe. Mimi ningechagua Sun City peke yake. Viwanja viwili viko mahali pamoja, hakuna kufunga na kufungua mizigo kila siku ya pili. Kutoka uwanja wetu wa ndege wa Luano mnashuka Johannesburg, kisha mnaendelea kwa gari saa mbili na kitu. George ni ndege nyingine tena, na Julai huko pwani ya kusini ni baridi, na mvua yaweza kuwakuta. Upande wa Sun City Julai ni kiangazi: jua kavu, asubuhi za baridi kama hizi zetu za mwezi wa sita, na nyasi zimegeuka manjano. Vaa sweta mbili nyembamba badala ya koti moja zito linalokubana mabega. Omba kuanza saa 4, jua likishapanda.

Tena kuna jambo la mwinuko, ambalo ajansi nyingi hazilijui. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Hewa huku juu ni nyepesi, mpira unaruka mbali zaidi. Sun City nayo iko juu ya mita 1,000, kwa hiyo umbali unaoujua hapa utakutumikia na kule. Ukishuka George, karibu na bahari, unapoteza asilimia 4 au 5: mita 150 za bwana yako zinakuwa kama 143, naye anaanza kuulaumu mkono wake wakati kosa ni la hewa.

Siku ya kufika, pumzikeni. Siku ya pili nendeni kwenye uwanja wa mazoezi, mpige mipira taratibu, na ukae saa nzima kwenye grini ya mazoezi (grini ni zile nyasi fupi zinazozunguka kitundu cha mpira), maana grini za hoteli kubwa huteleza kuliko ulizozoea. Siku ya tatu chezeni pamoja Lost City. Huo una tii za ngazi kadhaa, na una shimo ambalo watoto wenu watataka kuona picha yake: la 13, fupi, grini yake ina umbo la bara la Afrika na kando yake kuna shimo la mamba wa kweli. Siku ya nne msiguse fimbo, ingieni hifadhi ya Pilanesberg iliyo jirani mkatazame wanyama. Siku ya tano bwana yako aende peke yake Gary Player, apigie tii za nyuma kadiri apendavyo, apotee mchangani, afurahi. Asubuhi hiyo wewe chukua somo la saa moja na mwalimu wa pale, ukimwomba akufundishe kitu kimoja tu: kutoka kwenye nyasi za kikuyu. Siku ya sita na ya saba chezeni pamoja, Lost City tena au Gary Player kutoka tii za mbele, utakavyojisikia. Ya nane mnarudi.

Hizo nyasi za kikuyu nikueleze, maana ndizo zitakushangaza kuliko maji na mchanga. Katikati ya njia ni nzuri sana, mpira unakaa juu yake kama umewekwa kwenye brashi. Pembeni, zikiachwa kurefuka, zinageuka nyingine. Mpira unazama, na ukipiga kwa ulaini uliouzoea, nyasi zinashika shingo ya fimbo, uso unajifunga, mpira unakimbilia kushoto hatua tano na kulala tena. Mtu anarudia hivyohivyo mara ya pili, na ya tatu, na hasira inapanda. Dawa yake: acha fimbo ndefu, chukua fupi yenye uso uliolala sana, shika kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, na kubali kuutoa tu hadi njiani, hata kwa mita 40. Hapo ndipo wachezaji wa handikapu kubwa wanapookoa raundi yao.

Kuhusu aibu. Mdogo wangu, nisikilize hapa. Kiwanjani hakuna anayehesabu mipigo yako, wote wanahangaika na yao. Kinachokera watu ni kucheleweshwa, na kasi iko mikononi mwako. Mpira uliopotea unatafutwa dakika 3 tu, ndiyo kanuni tangu 2019. Zikiisha, weka mwingine uendelee. Fika kwenye mpira wako ukiwa umeshaamua fimbo gani. Na kila shimo lina kikomo kwa ajili ya handikapu: pa, ongeza mbili, ongeza mipigo unayopewa hapo. Ukiwa na 42, unapewa mipigo miwili kila shimo na mitatu kwenye mashimo sita magumu zaidi. Kwa hiyo shimo la pa 4 kikomo chako ni 8, au 9 kwenye hayo magumu. Ukifika hapo, okota mpira, mfukoni, tembea. Wanaojua watakuheshimu kwa hilo. Na ninyi wawili msihesabu jumla ya mipigo, chezeni kwa pointi za Stableford, ambapo shimo baya linakupa sifuri tu na linasahaulika. Kwa handikapu zenu, 12 na 34, huo ndio mchezo ambao mke anaweza kumshinda mume kwa haki kabisa.

Sasa Zambia. Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90, na ukishavuka umeingia ukanda wa shaba wenye viwanja vya kweli: Nchanga pale Chingola, Nkana pale Kitwe, na ule wa Ndola. Chingola hadi Kitwe ni kama kilomita 50. Nkana umepokea mashindano ya wachezaji wa kulipwa, na Zambia ndiyo iliyomtoa Madalitso Muthiya, aliyecheza U.S. Open ya Marekani mwaka 2006. Nendeni mwezi wa tano, mvua ikiwa imekwisha na nyasi bado mbichi. Ondokeni alfajiri, maana foleni ya malori ya shaba mpakani mnaijua, na kumbukeni upande wa pili wanaendesha kushoto. Ijumaa kulala, Jumamosi kucheza, Jumapili kurudi. Hapo utajifunza kwa bei ndogo kila kitu utakachokihitaji Julai: kutoa kadi yako kwa mtu asiyekujua, kusikia jina lako likiitwa kwenye tii ya kwanza mbele ya wageni, kumsikiliza kedi, yule mbeba fimbo, ambaye hujazoeana naye. Kedi wa pale muulize kila kitu. Yeye anajua mteremko wa grini kuliko ramani yoyote.

(Na mkiipenda safari, mwaka mwingine fikirieni Kenya: Karen au Muthaiga pale Nairobi, au Vipingo karibu na bahari. Kedi atakuelekeza kwa Kiswahili, na hilo ni raha ambayo Sun City haitakupa.)

Makaratasi msiyaache hadi dakika ya mwisho. Viza ya Afrika Kusini iombeni sasa, na hoteli isiyorudisha pesa msiilipe kabla hamjaipata. Ya Zambia ulizieni kwenye konsula yao hapa mjini. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kongo. Kama wewe au yeye hana, chanjo inahesabiwa baada ya siku 10, na tangu 2016 inatambuliwa kwa maisha yote, hata kama kadi ni ya zamani. Chapisheni vyeti vya handikapu vyenye muhuri wa klabu. Kuhusu fimbo, uliza shirika la ndege linaruhusu kilo ngapi. Kanuni inaruhusu hadi fimbo 14, lakini wewe nane zinakutosha. Kama mtakodi kule, agiza mapema seti ya wanawake, maana ukichelewa utapewa za kiume, nzito na ndefu, kisha utadhani umesahau kucheza.

Nimebakiza bwana yako. Aliponyamaza, nadhani alisikia kwamba unaikataa zawadi yake. Kwa hiyo usirudi na neno "padogo". Kaa naye, mwombe akupigie hesabu ya 36 yake na yako, na ile ya slopu. Wacheza gofu hatuwezi kuikataa hesabu. Akimaliza, namba zitakuwa mbele yake kwa mwandiko wake mwenyewe. Hapo mwambie ulivyoniambia mimi: kwamba unataka kucheza, na yeye, na kwamba bwawa la kuogelea hulitaki. Sina hakika kama ulishamwambia hivyo waziwazi. Mtajie ile siku ya tano, yake peke yake, tii za nyuma, bila kukungoja. Na Fancourt msiifute, iandikeni kwenye karatasi hiyohiyo pamoja na handikapu utakayokuwa nayo siku mnakwenda. Akisema 25, mjibu 24.

Ajansi iandikieni kabla ya mwisho wa mwezi: usiku saba Sun City, raundi tatu za watu wawili na moja ya mtu mmoja, kuanza saa 4 asubuhi, somo la saa moja, kigari au kedi na bei yake iandikwe kando. Ulizeni pia mkikosa viza wanarudisha kiasi gani, na jibu la hilo mlitake kwa maandishi.

Yaya